Gulio (eneo la Kisorya)

Gulio ni soko la wazi linalofanyika kwa siku maalumu, aghalabu mara moja kwa wiki. Katika Kanda ya Ziwa, gulio lenye uuzaji wa mifugo huitwa mnada.

Mahali. Kisorya ni kata ya Wilaya ya Bunda, mkoani Mara, kando ya Ziwa Viktoria. Barabara ya kutoka Bunda mjini huishia kwenye kivuko cha kwenda Rugezi, kisiwani Ukerewe. Hivyo mazao ya bara na ya visiwani hukutana hapa.

Bidhaa. Huuzwa dagaa wakavu, sato, muhogo, mtama, viazi vitamu na machungwa ya Ukerewe, pamoja na mitumba, khanga, sufuria na majembe.

Ununuzi. Nafaka na dagaa hupimwa kwa sado au debe. Nyanya na vitunguu hupangwa mafungu. Mnunuzi hodari huzunguka kwanza akilinganisha bei, kisha hupatana na kuomba nyongeza. Dagaa bora ni wakavu kabisa na hawana mchanga. Jioni bei ya mboga na samaki wabichi hushuka, kwa kuwa haviwekeki.

Umuhimu. Halmashauri hukusanya ushuru, lakini faida kubwa ni ya kaya: mkulima na mvuvi hupata fedha taslimu karibu na nyumbani. Magulio yanastahili vyoo, maji safi na vivuli.