Mpiga Kinanda na Maneno ya Wimbo

Ndugu Mhariri ameniomba nitoe makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu. Nimechagua jambo ambalo huenda likawashangaza wengi, nalo ni utafiti wa muziki wa kinanda cha kanisani na wapigaji wake. Nimelichagua kwa kuwa ndani yake mna fundisho linalotuhusu sisi tuliokwisha kupita shuleni hapa na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani sasa. Muziki waweza kupigwa kwa vidole hodari miaka mia na zaidi, na huku nusu ya maana yake imekwisha kupotea, kwa sababu maneno yake yamesahauliwa.

Kinanda ninachokisema si kile kidogo cha umeme ambacho kwaya zetu nyingi hutumia. Ni kile kikubwa cha filimbi, ambacho hujengwa pamoja na jengo la kanisa. Upepo hutiwa katika sanduku, na mpigaji anapobonyeza, upepo hupenya katika filimbi na kuitoa sauti. Filimbi nyingine ni ndogo kama penseli, nyingine ni ndefu kuliko mtu. Mpigaji hutumia mikono yote miwili na miguu pia, maana chini yake zimepangwa mbao za kukanyaga zitoazo sauti nzito.

Mtunzi mkuu wa muziki wa kinanda hicho alikuwa Johann Sebastian Bach, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1685 na kufariki mwaka 1750. Alipokuwa mpiga kinanda wa mtawala wa Weimar, kati ya mwaka 1708 na 1717, alitunga sehemu kubwa ya kitabu kidogo cha vitangulizi vya nyimbo za kanisa. Alikuwa amepanga kutunga vitangulizi kwa nyimbo 164, lakini alivyovimaliza ni arobaini na kitu tu. Kila kimoja kimejengwa juu ya tuni ya wimbo ambao Walutheri wa siku zile waliujua kwa moyo. Hapakuwa na haja ya kuwaeleza maneno yake. Waliposikia tuni, maneno yalikuja yenyewe.

Miaka ikapita. Muziki wa Bach ukavuka mipaka ya nchi yake na ya dhehebu lake. Mwishoni mwa karne ya 19 mmoja wa wapiga kinanda mashuhuri wa Ulaya alikuwa Charles-Marie Widor wa Paris, aliyekipiga kinanda cha kanisa la Saint-Sulpice tangu mwaka 1870. Kinanda hicho kina safu tano za vibonyezo vya mikono. Widor alikuwa mwalimu na mtunzi, na nota za Bach alizifahamu sana. Lakini alikuwa Mfaransa aliyelelewa katika Ukatoliki, na nyimbo za Walutheri wa Ujerumani hakuzikulia.

Mwaka 1893 alifika kwake kijana wa miaka 18 kutoka Alsace, jina lake Albert Schweitzer. Wakati huo Alsace ilikuwa chini ya Ujerumani, ingawa Kifaransa nacho kilizungumzwa huko. Baba yake Schweitzer alikuwa mchungaji katika kijiji cha Günsbach, na mtoto alianza kupiga kinanda cha kanisani akiwa na umri wa miaka tisa. Widor alimkubali kuwa mwanafunzi wake.

Siku moja katika mwaka 1899 walikuwa wakivipitia vitangulizi vya Bach. Widor akamwambia mwanafunzi wake waziwazi kwamba vipande hivyo vilimtatiza. Kwa nini hapa Bach anaruka ghafla kutoka fikira moja hadi nyingine? Kwa nini pale anatumia sauti kali zinazogongana? Schweitzer akajibu kwamba si ajabu, kwa kuwa vipande hivyo havielezeki ila kwa maneno ya nyimbo zake. Akaanza kumtafsiria maneno hayo kwa Kifaransa, kwa kichwa tu, na mambo yaliyokuwa giza yakawa wazi.

Nitoe mifano miwili. Upo wimbo wa zamani usemao habari za kuanguka kwa Adamu. Katika kitangulizi chake, Bach ameipa miguu ya mpigaji kazi ya kuruka kutoka sauti ya juu hadi ya chini, mara kwa mara, kwa hatua kubwa zisizo za kawaida. Asiyejua maneno atadhani ni kichekesho cha mtunzi. Anayeyajua atasikia mtu anaporomoka. Wimbo mwingine husema kwamba wanadamu wote hawana budi kufa. Mtu angetazamia muziki wa matanga, lakini Bach ameandika muziki mwororo na wa furaha. Ukisoma maneno yake utaona sababu, kwa kuwa yanauelekeza moyo kwenye utukufu unaowangoja waumini baada ya kifo.

Widor alimwomba mwanafunzi wake aandike makala fupi juu ya vitangulizi hivyo kwa faida ya wapiga kinanda wa Ufaransa. Makala ile fupi ikakua hata ikawa kitabu cha kurasa 455, kilichochapishwa kwa Kifaransa mwaka 1905. Wajerumani walipoomba kiandikwe katika lugha yao, Schweitzer alikiandika upya, kikatoka mwaka 1908 chenye kurasa 844. Wataalamu waliokuja baadaye wamemkosoa kwamba mahali pengine aliona picha za maneno hata pasipokuwapo. Hata hivyo jambo la msingi limesimama: anayetaka kuufahamu muziki ule sharti ausome pamoja na maneno yake.

Hapa nawaomba tutulie kidogo. Nyimbo zile zilikuwa zimechapishwa katika vitabu, kwa lugha yenye shule na maktaba nyingi. Hata hivyo mpigaji hodari wa Paris hakupata maana yake mpaka alipotokea kijana aliyezisikia tangu utotoni. Je, nyimbo zisizoandikwa popote zitakuwa na hali gani?

Schweitzer mwenyewe alikuja Afrika mwaka 1913 akiwa daktari, akajenga hospitali Lambaréné katika nchi ya Gabon. Chama cha Bach cha Paris kilimpa piano yenye mbao za kukanyaga ili aendelee na mazoezi. Alifariki huko mwaka 1965. Lakini vitabu vyake vya muziki vilihusu Bach na vinanda vya Ulaya. Kazi aliyowafanyia Walutheri wa Ujerumani hakuwafanyia wenyeji wa Gabon. Katika Afrika Magharibi kazi ya namna hiyo ilifanywa na Waafrika wenyewe, na kwa bahati njema walikuwa wapiga kinanda.

Wa kwanza ni Ekundayo Phillips wa Lagos, Nigeria. Alisomea muziki London, na tangu mwaka 1914 hadi 1962 alikuwa mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya wa Kanisa Kuu la Kristo mjini Lagos. Phillips aliliona tatizo ambalo wamisionari hawakulijali vya kutosha. Kiyoruba ni lugha ya toni. Neno igba laweza kuwa mia mbili, kibuyu au wakati, kwa kutegemea sauti inavyopanda na kushuka. Maneno ya Kiyoruba yakitiwa katika tuni ya Kiingereza, tuni hupanda mahali ambapo neno linataka kushuka, na maana huharibika. Phillips akatunga muziki wa ibada unaofuata sauti ya usemi, na mwaka 1953 kikachapishwa kitabu chake juu ya muziki wa Kiyoruba.

Katika kwaya yake aliimba mtoto mmoja aitwaye Fela Sowande, aliyezaliwa mwaka 1905. Sowande alikwenda London katika miaka ya 1930. Huko alipiga jazi ili apate riziki, na huku akiendelea na masomo. Mwaka 1943 alipata hadhi ya juu ya Chuo cha Kifalme cha Wapiga Kinanda pamoja na tuzo zake, na tangu mwaka 1945 hadi 1952 alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Methodisti katika ukumbi wa Kingsway. Alitunga vipande vya kinanda kama Obangiji na Oyigiyigi, vilivyojengwa juu ya tuni za Kiyoruba kama vile Bach alivyojenga juu ya tuni za Kijerumani. Aliporudi Nigeria alifanya kazi ya redio, kisha akafundisha chuo kikuu na kuchunguza muziki na dini ya Wayoruba. Alifariki Marekani mwaka 1987. Kazi zake za kinanda nazo zimepata mchunguzi: Godwin Sadoh, Mnigeria mwenzake na mpiga kinanda mwenye shahada ya udaktari, alichapisha kitabu juu yake mwaka 2007.

Na sisi je? Baadhi ya tuni alizozitumia Bach huimbwa hata leo kwa Kiswahili katika makanisa ya Kilutheri ya Tanzania. Kiswahili si lugha ya toni, lakini kina mkazo wake, na mkazo una kazi. Barabara ya magari na barabara yenye maana ya sawasawa twazitenganisha kwa mkazo tu. Ni mara ngapi tumeimba wimbo uliotafsiriwa, pigo zito likaangukia silabi isiyostahili, nasi tukanyamaza kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa? Na zile nyimbo za jando, za harusi na za kilimo ambazo kwaya za shule huzipanga upya kwa ajili ya mashindano, ni waimbaji wangapi wanaofahamu kila neno wanalolitamka?

Kwa hiyo nina ombi. Wadogo zangu mnaoimba katika kwaya au mnaopiga kinanda, msiridhike na nota. Kila wimbo mnaojifunza uandikeni katika daftari: maneno yake yote, lugha yake, nani aliwafundisha, huimbwa wakati gani, na wazee wanasema una maana gani. Kisha daftari hilo liwekwe katika maktaba ya shule. Nasi tuliokwisha kuondoka tuwasaidie kwa kuwauliza wazazi na wajomba zetu huko nyumbani, na kuleta tulichokipata katika kila mkutano. Kazi hii haihitaji kinanda cha filimbi wala fedha nyingi. Yahitaji kuanza sasa, wakati wenye kujua wangali hai na wanaweza kuulizwa.