Ajali ya Eastern 401
Ndege ya shirika la Eastern, aina ya Lockheed L-1011, iliyotoka New York kwenda Miami, Marekani, ilianguka katika vinamasi vya Everglades usiku wa tarehe 29 Desemba 1972. Taa ya kuonyesha kwamba gurudumu la mbele limeteremka haikuwaka, na marubani wote wakazama katika kuishughulikia taa hiyo. Kumbe mtambo wa kujiendesha ulikuwa umeacha kushikilia kimo cha futi 2,000. Kengele ya tahadhari ililia. Katika kinasa sauti hakuna anayeitaja. Hawakuwa wazembe, walikuwa na shughuli. Magurudumu yalikuwa yameshateremka, balbu ndiyo iliyoungua. Walifariki watu 101 kati ya 176. Ni miongoni mwa ajali zilizochochea mafunzo ya marubani kugawana kazi: mmoja aongoze ndege, mwingine atafute hitilafu.