Daraja la Forth na Vita vya Kutu

Chuma husifiwa kwa nguvu, lakini nguvu hiyo ina maadui wawili wasiotisha kwa sura: maji na hewa. Wakikutana juu yake huzaa kutu, na kutu haina haraka. Hula kidogo kidogo, usiku na mchana, mpaka bamba lililobeba mzigo mkubwa likabaki ganda tupu. Kwa hiyo historia ya majengo ya chuma haikamiliki isiposimuliwa pamoja na historia ya rangi iliyoyahifadhi. Mahali pamoja ambapo habari hizo mbili zimeshikamana sana ni katika daraja la reli la Forth, huko Uskoti.

Sanaa ya kupaka kitu ili kukilinda haikuanza na chuma. Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa wakipandisha jahazi mchangani, wakakwangua uchafu wa bahari ulioganda tumboni mwake, ndipo wakalipaka deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Utaratibu wao ulikuwa na busara: kukwangua kwanza, kupaka baadaye. Kanuni hiyo ndiyo inayotawala kazi ya chuma pia. Lakini katika Daraja la Forth ilipita zaidi ya miaka 100 kabla haijatimizwa kwa ukamilifu.

Daraja hilo lilizaliwa katika hofu. Tarehe 28 Desemba 1879 daraja la Tay, lililo kaskazini ya Forth, lilivunjika katika dhoruba. Garimoshi lililokuwa likipita likatumbukia majini, na wote waliokuwamo wakafa. Mhandisi wake, Thomas Bouch, alikuwa amekwisha kupewa kazi ya kuunganisha kingo za Forth. Kazi hiyo ikamtoka mkononi. John Fowler na Benjamin Baker walichora daraja jingine, pana miguuni na zito mwilini, ili kila atazamaye aamini kwamba haliwezi kuanguka. William Arrol alilijenga, nalo likafunguliwa tarehe 4 Machi 1890. Urefu wake ni karibu kilomita 2 na nusu, na ndani yake mna yapata tani 53,000 za feleji, yaani chuma cha pua. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba ujenzi ule uliua watu 57; uchunguzi uliofanywa baadaye ulipata majina 73.

Kazi iliyonunuliwa kwa roho za watu haikustahili kuachwa iliwe na kutu. Lakini silaha za zama zile zilikuwa dhaifu. Rangi ilikuwa mafuta ya kitani yaliyochanganywa na unga wa risasi nyekundu au wa oksidi ya chuma. Mafuta hayo hukauka kwa hewa yakawa utandu mwembamba. Jua huupasua, na upepo wenye chumvi hupenya katika nyufa zake. Wapakaji hawakukosa kazi hata siku moja. Ndipo ukazaliwa msemo wa Waingereza, kwamba kazi isiyokwisha ni sawa na kulipaka rangi Daraja la Forth.

Msemo huo ulidai kwamba wapakaji walianza upande mmoja, na walipofika upande wa pili walirudi mwanzo. Kwa hakika hawakufanya hivyo. Walikwenda palipoumizwa zaidi na hali ya hewa. Hata hivyo msemo ulibeba kweli kubwa kuliko ile iliyokusudiwa. Rangi mpya iliwekwa juu ya rangi kuukuu, na chini ya matabaka hayo kutu iliendelea na shughuli yake bila kusumbuliwa. Uso ulipendeza, mwili uliugua. Kufikia miaka ya 1990 maradhi yalikuwa yamejitokeza nje, na lawama za watu zikawa nyingi.

Dawa ilitoka mahali pasipotazamiwa. Katika miaka ya 1930, huko Uswisi, mkemia Pierre Castan alikuwa akitafuta kitu kifaacho kutengenezea meno ya bandia. Katika miaka ya 1940, huko Marekani, Sylvan Greenlee alifanya kazi kama hiyo kwa ajili ya rangi. Matunda ya kazi zao ni epoksi. Hii haikauki kama mafuta. Huwa vitu viwili, ulimbo na kigumushi, ambavyo vikichanganywa hufungamana vikawa wavu mmoja mgumu usioweza kuyeyuka tena. Mpakaji hupewa muda mfupi tu. Akichelewa, rangi humgandia chomboni.

Lakini epoksi ina masharti makali. Haishiki juu ya kutu, mafuta, chumvi wala umande. Basi kuanzia mwaka wa 2002 daraja lilizungushiwa majukwaa na kufunikwa sehemu baada ya sehemu, ili sumu ya risasi iliyokuwa katika rangi ya kale isitawanyike majini na hewani. Feleji ilipigwa kwa changarawe zilizosukumwa na upepo wa nguvu, mpaka matabaka yaliyolundikana kwa miaka mingi yakaondoka na chuma kikaonekana kitupu. Hapo ndipo yalipowekwa matabaka matatu: la kwanza la kushika chuma, la pili la epoksi yenye vipande vyembamba vya kioo, vilivyolala kama magamba ya samaki ili maji yakose njia ya mkato, na la tatu la poliyurethani, kwa kuwa jua huiharibu epoksi iliyo wazi. Unene wote ni karibu nusu ya milimita. Kazi hiyo, ya eneo la mita za mraba 230,000 hivi, ilimalizika Desemba 2011. Msemo uliodumu vizazi kadhaa ukapoteza ushahidi wake.

Mwaka wa 2015 daraja liliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Rangi yake mpya ilitazamiwa kudumu miaka 25 au zaidi, si milele; kutu haikushindwa, imezuiwa tu, na ukaguzi haukukoma. Lakini tofauti ya vita vya kale na vya sasa haimo katika epoksi peke yake. Wapakaji wa kwanza hawakuwa wavivu, na jasho lao halikuwa haba. Walichokosa ni nafasi ya kuufikia msingi. Sifa ya rangi hupewa tabaka la juu, linaloonekana na kila msafiri. Lakini uhai wa daraja uliamuliwa katika saa zile ambazo chuma kilikuwa kitupu, kabla ya tone la kwanza la rangi kukigusa.