Wajina, si Rafiki wa Uongo

Mwaka 1928 Maxime Koessler na Jules Derocquigny walichapisha kitabu kuhusu maneno ya Kiingereza yanayowahadaa Wafaransa, wakayaita marafiki wa uongo. Wapo wanaistilahi wetu waliolibeba jina hilo kama lilivyo, pengine kwa imani kwamba kikitoka Paris kimeshafikiriwa, kisha wakalibandika hata pasipostahili. Tajiri wa Kiswahili ni mwenye mali; wa Kiarabu, aliko chimbuko lake, ni mfanyabiashara. Hao ni ndugu waliopishana njia, na wakiitwa marafiki wa uongo sina ugomvi mkubwa. Lakini tazama sana. Kwa Kifini ni neno, ndiyo maana kamusi huitwa sanakirja. Kwa Kiarabu ni mwaka, na nduguye wa Kiebrania ni shana. Kwa Kituruki ni sen, yaani wewe, iliyogeuzwa kuwa kwako. Kwa Kihispania ni mwanamke mwenye afya, kutoka Kilatini sanus. Hapa pana urafiki gani, hata huo wa uongo?

Kiswahili kina neno lake: wajina. Juma na Juma huitana hivyo bila kuulizana ukoo, na hiyo ndiyo dhana tunayoitafuta. Wanaong’ang’ania homonimu wangelivua joho lake la Kigiriki wangekuta homos, sawa, na onoma, jina; Aristotle alianzia hapo hapo katika Kategoria zake. Tumeazima ugenini kilichokuwa sebuleni. Na jina lenyewe, la asili ya Kibantu, lina wajina Uhindi: katika Kisanskriti jina ni mshindi, kutoka mzizi ji, shinda, na ndiko wafuasi wa Ujaini walikopata jina lao.

Husemwa kwamba wajina ni wa watu tu. Mzizi na shina navyo vilikuwa vya miti kabla wanasarufi hawajavichukua. Wengine hupendekeza somo, neno zuri, ila limeshaelemewa na darasa na unyago. Matumizi ni mepesi: neno wajina, maneno wajina, hali yake uwajina. Limebaki pingamizi la kamati moja, kwamba wanafunzi watadhani wajina ni wingi wa mjina. Kamati hiyo ina waziri wake, na sijasikia mjumbe hata mmoja akiuliza mziri yuko wapi.