Mchanga Uliosahaulika Chini ya Kioo

Tanki langu la kwanza la samaki lilikuwa na kokoto za buluu. Nilizinunua pamoja na chujio na kijumba cha plastiki, nikazimwaga chini, nikajaza maji, nikajiona fundi. Rafiki aliyekuwa akihama Dar es Salaam akaniachia samaki wake saba, wadogo kuliko kidole changu, wenye mistari myembamba ya kusimama mwili mzima. "Wa Ziwa Tanganyika hao," akasema, "watunze."

Wiki tatu nzima walijibana nyuma ya chujio. Chakula nilichowatupia kilipenya katikati ya kokoto, kikaozea humo. Mimi nikadhani ni ugeni tu, watazoea.

Halafu baba mdogo akaja kutoka Kasanga, kule kusini mwa ziwa, kwa ajili ya matibabu. Baada ya shikamoo na chai nikampeleka kwenye tanki, maana nilitaka sifa. Akainama, akatazama kwa muda.

"Sasa mwanangu, hawa umewalaza kwenye kokoto za reli?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba siku zile wakivuta kokoro, nyavu zilikuja na makombe ya konokono kutoka chini. Ukilitikisa kombe, kisamaki kama hiki kinadondoka. "Nyumba yake ni kombe, na kombe linakaa mchangani. Hapa huyu atachimba nini?"

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye vitabu. Nilitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba samaki wa nyumbani akae juu ya mawe ya rangi.

Kumbe mwanzoni haikuwa hivyo. Robert Warington, mkemia wa London, alichapisha mwaka 1850 taarifa ya jaribio lake. Alikuwa amechukua chombo cha kioo cha galoni 12, yaani kama lita 55, akaweka samaki wawili wa dhahabu na mmea wa majini. Chini aliweka mchanga na tope, pamoja na vipande vya mawe vya kuwapa samaki kivuli. Majani ya mmea yalipoanza kuoza na kuchafua maji, akaongeza konokono wayale. Maji yakatulia. Alichokuwa anatafuta ni mizani: mmea utoe hewa, samaki aitumie, konokono asafishe. Mchanga ulikuwamo katika hesabu hiyo tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park ikafungua nyumba ya samaki, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake, The Aquarium. Uingereza ikapagawa. Watu wakamiminika pwani na ndoo na patasi kubandua viumbe kwenye miamba. Wapenzi wa vitabu mnaokijua Father and Son cha mwanawe, Edmund Gosse, cha mwaka 1907, mtakumbuka majuto yaliyomo: vitabu vya baba yake vya kuisifu pwani vilichangia kuiacha pwani ile tupu. Mimi nilikisoma zamani kama kisa cha baba, mwana na dini. Safari hii nilikisoma kama mtu mwenye samaki wa watu sebuleni.

Sasa mchanga ulipotelea wapi? Kwa maoni yangu, uliondolewa na mashine. Katikati ya karne ya 20 lilienea chujio la sahani yenye matundu, linalolazwa chini kabisa. Pampu ya hewa huyavuta maji yapite katikati ya kokoto, na bakteria walioshika kwenye kokoto huigeuza amonia, sumu itokanayo na kinyesi cha samaki. Ni akili nzuri, siibezi. Lakini mchanga huziba matundu yale, kwa hiyo ikabidi ziwe kokoto. Kokoto zikawa mazoea, mazoea yakapakwa rangi ya buluu. Chujio langu halikuwa hata la aina hiyo, lakini dukani niliuziwa kokoto vilevile.

Upande wa samaki wangu nao una historia yake. Konokono mwenye lile kombe, Neothauma tanganyicense, alipewa jina hilo la kisayansi mwaka 1880. Samaki alisubiri miaka 26 zaidi. W. A. Cunnington alikusanya samaki ziwani mwaka 1904 na 1905, na George Boulenger wa jumba la makumbusho la London akawaelezea mwaka 1906. Mmoja wao ndiye huyu, ambaye leo anaitwa Neolamprologus multifasciatus. Neno hilo la pili maana yake ni mwenye mistari mingi. Jina si la uongo. Ila ni jina la samaki aliyetazamwa akiwa amekufa, nje ya maji yake, mbali na mchanga wake. Mistari ilisafiri hadi London, makazi hayakusafiri. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Hata uzuri wake huujui.

Nikaamua kubomoa. Nilitafuta mchanga laini wa mto, nikauchekecha, nikauosha ndoo baada ya ndoo mpaka maji yakatoka meupe. Nikaulaza kama sentimita tano. Usiujaze sana, msomaji wangu, maana mchanga mnene usioguswa hukosa hewa chini na kutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Juu yake nikaweka makombe matupu ya konokono wa bustani, madogo madogo, yaliyochemshwa.

Usiku uleule sikuona kitu. Asubuhi kulikuwa na mashimo. Samaki walikuwa wanauchota mchanga kwa mdomo, wanautema pembeni, wanarudi tena. Kila kombe likapata shimo lake na kila shimo mwenyewe. Baada ya miezi miwili vitoto vidogo kama punje ya mchele vilichungulia mlangoni. Na uchafu sasa unabaki juu ya mchanga, nauona, nauvuta kwa mpira.

Huko ziwani makombe ya konokono waliokufa zamani yamelala chini kwa wingi, mengine ya mamia ya miaka, maana maji yake ya magadi hayayayeyushi upesi. Hatari ni kufukiwa. Milima inayozunguka ziwa ikikatwa miti, mvua inateremsha udongo, na watafiti wamekwisha kuona kwamba penye tope jingi aina za samaki hupungua. Mchanga samaki atauchimba, lakini tope halichimbiki.

Baba mdogo hakuyaona mashimo yale. Alirudi Kasanga kabla sijabadilisha, na mwaka uliofuata akafariki. Katika siku zake zote pale nyumbani nilimuuliza habari za ugonjwa wake, sikumuuliza habari za ziwa. Taarifa ya Warington nimeipata, ya Boulenger nimeipata, kila moja ina mwaka wake. Ya baba mdogo ninayo sentensi tatu tu, alizozisema akiwa ameinama mbele ya kokoto za buluu, na nimeziandika hapa kama zilivyokuwa.