Sanduku la mbao la kuhifadhia vifaa vya useremala: jinsi ya kulitengeneza likadumu

Kwa fundi wa kijijini, vifaa ndivyo shamba lake. Msumeno ukiliwa na kutu, au patasi ikidondoka njiani, fundi hubaki kuazima kwa jirani au kuiacha kazi ipite. Hata hivyo vifaa vya mafundi wengi hulala ndani ya kiroba, vikigongana makali kwa makali. Sanduku la mbao huondoa shida hiyo, na anayeweza kukata ubao kwa kufuata mstari anaweza kulitengeneza mwenyewe. Yanayoharibika mapema huwa yana kasoro mbili: mbao zilikuwa mbichi, au kitako kilipigiliwa misumari kutoka chini. Hayo mawili ndiyo ya kuangalia zaidi.

Mbao iwe kavu kwanza

Aina ya mti si jambo kubwa. Paini, kama ile ya msitu wa kupandwa wa Sao Hill huko Mufindi, ni nyepesi na hukatika vizuri. Mninga na mkangazi hudumu zaidi. Kumbuka tu kwamba sanduku la mninga ni zito kabla hujaweka hata nyundo, na wewe ndiye utakayelibeba.

Unyevu ndio jambo kubwa. Ubao mbichi ukifungiwa na vifaa, maji yake hutoka polepole na kubaki humo ndani, na chuma hushika kutu bila kunyeshewa. Ubao huo huo husinyaa kwa upana kadiri unavyokauka, na viungo vikaachia. Kujua kama umekauka, kata kipande, kipime kwenye mizani ya duka na uandike uzito wake juu yake kwa penseli. Kiweke kivulini penye upepo kwa wiki moja, kisha kipime tena. Kama kimepungua uzito, mbao zako bado. Zipange chini ya paa, ukiweka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na usubiri. Kuzianika juani ili zikauke haraka huzipasua na kuzipinda.

Tahadhari moja kuhusu mbao za kuezekea zenye rangi ya kijani. Dawa inayotumika mara nyingi kuzikinga na mchwa ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Kwa sanduku unaloshika kila siku, tafuta mbao zisizo na dawa. Kama huna nyingine, funika pua na mdomo unapokata, nawa mikono kabla ya kula, na mabaki yake yasiingie jikoni kuwa kuni. Moshi na majivu yake ni hatari, hasa kwa watoto.

Vipimo

Anza na kifaa kirefu kuliko vyote, ambacho kwa kawaida ni msumeno. Msumeno wa inchi 22 huitwa hivyo kwa urefu wa bapa peke yake, na mpini huongeza. Upime wote, kisha ongeza sentimita chache. Hapa tutachukua urefu wa ndani wa sentimita 75. Msumeno wako ukiwa mrefu zaidi, refusha mbavu na kitako kwa kiasi hicho hicho.

Ubao wa moja kwa nane ukipigwa randa hubaki na unene wa karibu sentimita 2 na upana wa karibu 19. Kata mbavu mbili za sentimita 79, vichwa viwili vya 23 na kitako cha 75. Ubao mmoja wa futi 12 unatosha, na masalia yake yatatoa vipande vidogo. Mfuniko unahitaji ubao wa moja kwa kumi, urefu wa sentimita 81.

Pembe na kitako

Msumari unaoingia kwenye ncha ya ubao hupita sambamba na nyuzi za mbao, kwa hiyo hushika kidogo na huchomoka upesi. Gundi nayo haishiki sawasawa kwenye ncha. Ndiyo maana pembe nzuri hukatwa meno yanayoingiliana kama vidole vya mikono miwili, ili gundi ipate ubavu wa mbao. Gawanya kimo cha sentimita 19 mafungu matano yaliyo sawa. Kwenye ubavu acha la kwanza, la tatu na la tano. Kwenye kichwa acha la pili na la nne. Kina cha meno ni unene wa ubao wenyewe, na ni heri uupime kwa kuuweka ubao juu ya mwenzake kuliko kuamini futi. Kata kwa msumeno upande wa kinachotupwa, kisha toa kilichobaki kwa patasi, nusu kutoka kila upande, usije ukapasua.

Asiye na patasi atumie gundi na misumari iliyoinamishwa, mmoja kulia, mwingine kushoto. Si imara kama meno, lakini ni afadhali kuliko misumari iliyonyooka.

Kabla ya kuunga pembe, chana vipande vya sentimita 2 kwa 2 na uvifunge kwa gundi na skrubu za inchi moja na robo upande wa ndani wa mbavu, chini kabisa. Hivyo ndivyo vitakavyobeba kitako. Mzigo sasa unakandamiza ubao juu ya egemeo. Kitako kilichopigiliwa kutoka chini huning'inia kwenye misumari, na siku moja hubaki sakafuni wewe ukiondoka na kuta nne.

Paka gundi, unganisha, zungushia kamba na uikaze kwa kusokota kijiti. Pima kutoka pembe hadi pembe, kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, sukuma pembe za upande mrefu hadi vilingane. Acha usiku kucha. Kitako kipunguze kwa randa kiasi cha milimita 3, kwa sababu wakati wa masika ubao hutanuka na unaweza kuzitanua mbavu. Kiweke bila gundi, kwa misumari midogo michache tu.

Mfuniko na vishikio

Ubao mpana hupenda kujikunja. Weka papi mbili chini ya mfuniko, zikikatiza upana, kila moja sentimita 17 ili ziingie ndani ya sanduku. Usizipake gundi. Skrubu ya katikati ikaze. Matundu ya pembeni yatanue kidogo yawe marefu, ili ubao upate nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Bawaba mbili zinatosha, pamoja na komeo la kufuli.

Vishikio ni vipande vya papi ya mbili kwa mbili, kimoja kila kichwa, vikifungwa kwa gundi na skrubu za inchi mbili kutoka ndani. Chonga upande wa chini vidole vipate pa kushika.

Ndani, ubao mwembamba wenye matundu ukifungwa kwenye ubavu utashika patasi, makali chini. Msumeno uviringishie kitambaa, au uufunge kwenye mfuniko kwa kibao kinachozunguka.

Nje paka vanishi au mafuta ya kitani, mara mbili. Chini piga papi mbili fupi ili hewa ipite, na usiliweke sanduku moja kwa moja kwenye sakafu ya udongo. Liweke juu ya mawe, mbali kidogo na ukuta, uweze kuona njia ya mchwa kabla haijafika. Vifaa vifutwe jasho na vumbi jioni, kisha vipakwe mafuta ya cherehani, tone moja kwenye kitambaa.