Banda la Farasi, kutoka Athens hadi Uswisi

Kutunza farasi wa watu kwa malipo ni kazi ya zamani, na ugumu wake haujabadilika: banda hujengwa kwa urahisi wa binadamu, ilhali anayekaa humo ni mnyama wa mbugani. Farasi akiachiwa malisho hula kidogo kidogo hata saa 16 kwa siku, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na asidi humiminika ndani yake muda wote, awe amekula au hajala. Huishi kundini, na akiona hatari kinga yake ya kwanza ni kukimbia.

Wa kale waliyajua mengi ya haya. Xenophon wa Athens, askari aliyeishi karne ya 5 na ya 4 KK, aliandika kitabu kizima juu ya farasi. Alishauri banda liwe mahali ambapo mwenye farasi atamwona mara kwa mara, maana farasi anayemwaga chakula chake huenda ni mgonjwa, na asiyetazama hatajua. Sakafu iliyolowa, alisema, huharibu kwato. Nje ya banda zimwagwe shehena nne au tano za mawe ya mviringo, ili farasi azikomaze kwato zake akiwa amesimama juu ya mawe hayo huku saisi akimsugua. La maana kuliko yote ni onyo lake kuhusu woga. Farasi akishtushwa na kitu asipigwe, kwa sababu atadhani maumivu yametoka kwenye kitu kile kile anachokiogopa. Waendesha farasi wengi wa karne zilizofuata wangewaepushia wanyama wao mateso makubwa kama wangelizingatia hilo.

Huko Cambridge, Uingereza, Thomas Hobson, aliyefariki mwaka 1631, alikuwa mchukuzi wa barua na mizigo aliyekodisha farasi wapatao 40. Wanafunzi wa chuo walitaka wale wenye mbio tu, wakawachosha mno. Hobson akaweka sharti: mteja huchukua farasi aliye karibu na mlango, la sivyo aende zake. Farasi aliyerudi safarini alikwenda nyuma ya foleni, hivyo kila mmoja alipata zamu ya kupumzika. Alipofariki, John Milton, aliyekuwa mwanafunzi hapo, alimtungia mashairi.

Miji ya karne ya 19 ilisahau hekima hiyo. New York ilikuwa na mabanda ya ghorofa ambamo farasi walipandishwa kwa njia za mteremko, kisha wakafungwa katika vyumba vyembamba, nyuso ukutani. Walilishwa nafaka nyingi ili wavute mizigo. Waliopumzishwa Jumapili bila kupunguziwa chakula walipatwa na mkakamao wa misuli Jumatatu walipovalishwa hatamu. Wengine waling'ata ukingo wa hori huku wakivuta hewa, au waliyumba kushoto na kulia kutwa nzima. Masaisi waliziita tabia mbaya, wakawafunga mikanda shingoni. Leo zinafahamika kuwa dalili za kufungiwa, upweke na uhaba wa majani.

Msongamano huo ulikuwa na hatari nyingine. Mwaka 1872 mafua ya farasi yaliyoanzia karibu na Toronto yalienea Marekani yote kwa miezi michache. Moto ulipozuka Boston mwezi Novemba, farasi wa zimamoto walikuwa wagonjwa, na watu wakalazimika kuvuta mashine kwa mikono.

Magari yalipoenea, mabanda mengi ya kukodisha yaligeuzwa gereji. Kazi ikafufuka kwa sura nyingine: mwenye farasi anayeishi mjini bila shamba hulipa kwa mwezi ili mnyama wake alishwe, afanyiwe usafi na kutolewa nje. Kenya na kusini mwa Afrika banda lina faida ya pekee, kwani ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na usubi wanaouma hasa kuanzia magharibi hadi alfajiri, hivyo farasi huingizwa ndani kabla ya jua kuzama.

Wakati magari yalipokuwa yakienea, sayansi nayo ilianza kumtazama farasi upya. Berlin kulikuwa na farasi aliyeitwa Hans, aliyesifiwa kwa kujibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans hakujua hesabu. Aliacha kugonga alipoona mwulizaji ameinua kichwa kidogo tu, bila mwenyewe kujitambua. Umahiri huo wa kusoma mwili ndio farasi autumiao kundini, ambako sikio lililolazwa nyuma hutosha kumwondoa mwenzake kwenye nyasi.

Kwa hiyo mwendesha banda mwangalifu hamwingizi mgeni kundini ghafla. Humweka kwanza ng'ambo ya ua, wanusane kwa siku kadhaa. Majani makavu hugawanywa marundo mengi yaliyoachana, ili mnyonge naye ale. Uswisi iliyatia mambo haya sheriani mwaka 2008: farasi lazima amwone, amsikie na kumnusa mwenzake, na kumweka kwa kumfunga kamba bandani kukapigwa marufuku.